Ridhaa, Malipo na Fundi wa Udi: Kasoro ya Msamiati katika Uhakiki wa Taarab

Jozi ya "ridhaa" na "kulipwa" imezoeleka katika viwanja vya soka. Inapohamishiwa kwa wapigaji wa udi na kanuni wa Zanzibar, inapotosha, kwa kuwa hupima malipo peke yake. Kiswahili cha muziki kina neno fundi, na fundi hutambuliwa kwa mkono na sikio lake. Riziki yake inatoka wapi ni suala jingine. Kipimo hiki si cha pwani tu. Huko Mpitimbi, Songea, mkulima anayesifika kwa kucheza lizombe hawezi kuitwa mchezaji wa ridhaa bila kushushwa hadhi.

Hata hivyo, malipo hayakosi uzito. Simulizi za taarab humtaja Mohamed Ibrahim, aliyepelekwa Misri na Sultani Barghash (1870–1888) kujifunza kanuni. Huyo alikuwa mpigaji wa kasri, mwenye bwana wa kumkimu. Nadi Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilijenga hadhi ya namna nyingine. Jina lake ni la udugu, na mwanachama alipiga ala miongoni mwa wenzake. Katika mazingira hayo kutolipwa kuligeuka alama ya uungwana. Lakini uungwana huo ulikuwa na gharama: aliyeweza kuukataa ujira ni yule aliyekuwa tayari na shamba, duka au kazi ya serikali.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba asiyetoka katika tabaka hilo, alikwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri zilizouzwa madukani. Mhakiki akiwaita hao "wa kulipwa" na wale wa nadi "wa ridhaa", anaigeuza tofauti ya kitabaka kuwa tofauti ya nia, kana kwamba kundi moja lilipenda muziki na jingine lilipenda fedha. Ala zilikuwa za ukoo mmoja, na nyuzi za udi hazikumbagua mwenye kulipwa.

Leo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, mjini Unguja, hutoa vyeti kwa wanaojifunza ala hizohizo. Cheti kimeongeza ngazi ambayo jozi ya soka haina mahali pa kuiweka: mhitimu asiye na mwaliko wa harusi hata mmoja, na mzee asiye na cheti ambaye mhitimu huyo bado humwita mwalimu.