Masikio Kabla ya Darubini

Kutazama ndege ni ufundi wa masikio kwanza, macho baadaye. Mwezi Machi, kwenye milima ya Matogoro inakochimbuka Ruvuma, majani ya miombo yamefunga na maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka. Darubini hapo haikufikishi mbali. Unasimama, unatega sikio. Mara sauti nyembamba inaanzia juu, inateremka hatua kwa hatua, inafifia kabla hujajua imetoka tawi lipi.

Mwenye sauti hiyo ana uzito wa gramu 10 hivi. Mgongo wa kijani kilichopauka, tumbo la manjano hafifu, mstari mwembamba juu ya jicho, basi. Hatulii: anapekua chini ya jani, anadonoa mdudu, ameshahama. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus, na ana ndugu wanaofanana naye kiasi kwamba hata mtazamaji hodari hufunga kitabu akangoja aimbe.

Huzaliana Ulaya ya kaskazini na Siberia. Huku hajengi kiota wala hatafuti mwenzi, ila safari ya kurudi ikikaribia, koo linamfunguka. Kwa hiyo majira ya kuchipua wanayoyangoja kule, na theluji yao bado iko chini, sisi Songea tumeshaanza kuyasikia, mahindi yakiwa mabichi shambani.

Watu humwita mgeni. Mimi jina hilo silikubali. Anaingia Oktoba au Novemba, miombo ikiwa imeshatoa majani mekundu bila kungoja mvua, na anaondoka Aprili. Hesabu miezi mwenyewe. Tena hubadilisha manyoya yake yote mara mbili kwa mwaka, jambo adimu kwa ndege, na mara moja kati ya hizo ni akiwa Afrika. Mabawa ya kumvusha Sahara yameota kwa wadudu wa huku.

Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, kati ya 1928 na 1946, alikuja kukadiria kuwa ndege bilioni 5 huhamia Afrika namna hiyo kila mwaka. Makadirio ya karibuni yameshuka hadi bilioni 2 hivi. Bilioni hizo tuwaachie wenye hesabu zao. Anayetaka kumjua huyu mmoja aanze Novemba, ndege akiwa bado mkimya, atoke saa kumi na mbili alfajiri kabla bodaboda hazijachanganya, amfuate kwa mwendo wake tu: anavyopita matawini, anavyochupa hewani kumdaka mdudu. Kufika Machi, wimbo utamthibitishia tu anachokijua.