Sifa za Mwereka

Lugha yetu, kwa hekima yake ya kale, haikuuita mchezo wa mieleka kwa jina la nguvu wala kwa jina la ushindi, bali iliuita kwa jina la kuanguka. Kwani mwereka, kwa asili yake, ni lile anguko lenyewe, mtu anapoinuliwa na mwenziwe akabwagwa chini, na wale vijana niliokuwa nikiwatazama utotoni wakikamatana jioni juu ya mchanga, maji yakiwa yamekupwa, hawakusema kwamba fulani amemshinda fulani, walisema amempiga mwereka, na shauri likawa limekwisha. Nalitafakari neno hili kila nisomapo habari za Mildred Burke, mwanamke wa Kimarekani aliyeifanya mieleka kuwa kazi yake ya riziki, kwa sababu sijaona maisha yalishereheshayo neno hilo kwa uwazi zaidi kuliko ile miaka yake ya mwanzo, kabla ya ubingwa, kabla ya majoho meupe yaliyodariziwa vito, alipokuwa binti asiyejulikana na mtu.

Alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Coffeyville, jimbo la Kansas, akaitwa Mildred Bliss. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuacha shule na kuajiriwa mkahawani huko New Mexico, katika nchi ya Wazuni, akiwapelekea watu chakula mezani. Na haukupita muda mrefu akaolewa, akahamia Kansas City, ndoa ikamvunjikia, akabaki na mtoto mchanga wa kumlea katika miaka ile ya dhiki kuu ya uchumi, wakati mashamba ya nchi yao yalipokuwa yakipeperushwa na upepo yakageuka vumbi. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 2, na uzito wake, hata alipokomaa, ulikuwa kama ratili 138. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo alipotia nia ya kuwa mwanamieleka.

Alimwendea mtu mmoja, Billy Wolfe, aliyekuwa mwanamieleka wa kulipwa, akamsihi amfundishe. Wolfe hakutaka. Ili amkatishe tamaa kwa mara moja, alimwagiza kijana mmoja wa kiume ambwage yule binti kwa nguvu zote, ajue ya kuwa ule si mchezo wa wanawake. Na mambo yakageuka, kwani aliyejikuta chali hakuwa Mildred, alikuwa yule kijana. Wolfe akawa mwalimu wake, kisha wakala wake, kisha mumewe, na historia imemwandika kuwa mtu katili aliyekula jasho la mkewe. Sitamsifu hapa zaidi ya kusema kwamba alikuwa na jicho, na kwamba siku ile jicho lake liliona sawasawa.

Lakini nisemee fani yenyewe, maana ndiyo niliyokusudia. Mwanafunzi wa mieleka hafundishwi kuangusha kabla hajafundishwa kuanguka: akibane kidevu kifuani ili kisogo kisije kikaonja ardhi; atangulize bapa la mgongo wa juu, si kiwiko wala si kiuno; na katika nukta ileile ashushe mikono yote miwili kwa kishindo, viganja vikielekea chini, ili ule mshindo uliokuwa umeulenga uti wa mgongo ugawanyike katika mwili mzima kama maji yamwagikayo sakafuni. Tena afanye hivyo mara mia, na mara elfu, mpaka mwili uyafanye hayo pasi na kungojea amri ya akili. Baada ya hapo ndipo hufunzwa daraja, yaani kusimama kwa nyayo na utosi, mgongo ukiwa umepinda juu ya ardhi kama tao la msikiti, jambo linaloijenga shingo na kumwokoa mtu asishindwe, kwa kuwa hukumu ya mieleka ni mabega mawili kugusa chini kwa pamoja, na mwenye shingo imara aweza kuyazuia yasiguse hata akiwa amelaliwa na mtu mzito kuliko yeye. Na mwisho wa yote hufundishwa mizani, ambayo ndiyo siri ya wadogo: kwamba mtu mkubwa akikuvamia usimpinge, umpokee na kumwendeleza kule anakokwenda, uingize nyonga yako chini ya nyonga yake, uuvute mkono wake wakati mguu wake mmoja uko hewani, naye ataangushwa na uthakili wake mwenyewe. Nani aliyewahi kutazama jambo hili likitendeka vizuri asistaajabu?

Ilikuwa mnamo mwaka 1935 Mildred Burke alipoanza kuzunguka na tamasha za kuhamahama, zile zilizokuwa zikipita mji hadi mji wakati wa kiangazi zikiwa na bembea, wachezaji wa mazingaombwe na hema la wanamieleka. Hema lile lilikuwa na jukwaa mbele yake, na juu ya jukwaa mpiga debe aliyenadi kwa sauti ya juu kwamba dola 25 zatolewa kwa mwanamume yeyote asiyemzidi binti huyu kwa zaidi ya ratili 20, akiweza kumlaza mabega chini kabla dakika 10 hazijatimia. Fikiri dola 25 zilikuwa na thamani gani kwa kibarua wa mashamba ya ngano katika mwaka ule wa njaa. Na fikiri pia aibu iliyomngojea akishindwa mbele ya hirimu zake. Walipanda jukwaani. Kwa hesabu yake mwenyewe alishindana na wanaume zaidi ya 200, na katika wote hao alishindwa na mmoja tu.

Wapo wanaoudharau mchezo huu wakisema kwamba mieleka ya kulipwa ni mapatano, kwamba mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Sikatai, katika kumbi kubwa ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo. Lakini mapatano hayampunguzii mtu ugumu wa sakafu, na yule anayeinuliwa juu ya kichwa cha mwenziwe amemkabidhi shingo yake kama amana, na mwenziwe airejeshe salama kila usiku, mbele ya watu wanaopaswa kuamini kwamba anakusudia kuivunja. Kazi hiyo yataka ustadi na uaminifu pamoja, na mimi naiheshimu. Isitoshe, yule kibarua aliyepanda kwenye jukwaa la hema hakuwa amepatana na mtu juu ya lolote. Alikuja kwa ghadhabu na tamaa, hajui kanuni, na mtu asiyejua kanuni ndiye wa hatari kuliko wote, maana huchoma kidole machoni na kuvuta nywele pasipo kufikiri. Mbele ya mtu wa namna hiyo binti hana cha kumsaidia ila alichojifunza. Nami nasema wazi kwamba misimu ile ya hemani, isiyo na mkanda wala picha gazetini, ndiyo iliyomfanya kuwa fundi. Yaliyokuja baadaye yalikuwa malipo.

Na malipo yalikuja. Mwanzoni mwa mwaka 1937, mjini Chattanooga katika jimbo la Tennessee, alipambana na Clara Mortensen, aliyekuwa akitambuliwa kuwa bingwa wa wanawake, akamshinda. Ubingwa ukapokezanwa baina yao kwa miezi michache, kisha ukatulia kwa Mildred, ukakaa kwake mpaka miaka ya 1950. Mwaka 1954 alikwenda Japani na wenzake, na ile mieleka ya wanawake ambayo leo Wajapani wanaionea fahari ilipata nguvu kubwa kutokana na ziara hiyo. Hatimaye alifungua chuo huko California, akawafundisha mabinti wengine yale aliyoyapata kwa taabu.

Katika muda wote huo yalikuwapo majimbo ya Marekani yaliyowakataza wanawake kushindana hadharani. Jimbo la New York lilitoa idhini mwaka 1972, na wakati huo Mildred Burke alikuwa amekwisha kuuaga ulingo.