Vidaka vya Lamu na Jasi ya Chicago

Wahakiki wa sanaa ya ujenzi wamezoea kuvitaja vidaka vya Lamu (zidaka, kwa Kiamu) kuwa ni pambo la ukuta, kisha wakapita. Neno hilo halitoshi, na upungufu wake hudhihirika tukivilinganisha na mapambo ya Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893.

Huko majumba meupe yalijaa sanamu na nakshi. Lakini weupe ule ulikuwa jasi iliyochanganywa na nyuzi, ikabandikwa juu ya mifupa ya chuma na mbao. Sanamu ya Jamhuri ya Daniel Chester French, yenye urefu wa futi 65, iliundwa itazamwe kwa miezi sita. Mengi ya majumba hayo yaliteketea kwa moto mwaka 1894. Sanamu yenyewe ilichomwa makusudi mwaka 1896.

Fundi wa Lamu wa karne ya 18 naye alitumia malighafi ya jamii hiyo: chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Ila yeye aliichonga ingali mbichi, juu ya ukuta wa matumbawe hayo hayo, hata nakshi na ukuta vikawa mwili mmoja. Tena hakuielekeza njiani. Apitaye nje huona ukuta mtupu na mlango. Sharti avuke daka, kiwanda, msana wa tini na msana wa yuu ndipo afike ndani, chumba cha faragha kabisa, penye vidaka ukuta mzima. Mtafiti Linda Donley-Reid amevihusisha vidaka hivyo, pamoja na vyombo vyake vya kaure, na kinga ya chumba ambamo watoto walizaliwa na maiti wakaoshwa.

Tusivitukuze kupita kiasi, hata hivyo. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, katika jamii iliyomiliki watumwa. Ukimya wa ukuta wa nje nao ulikuwa lugha ya tabaka.

Siku hizi vidaka vipya hujengwa katika kumbi za baadhi ya nyumba za wageni, Lamu na Shela, vikamkabili mgeni tangu aingiapo. Mkono wa fundi waweza kuwa hodari vile vile. Lakini kidaka kilichohamishiwa mlangoni hakilindi chumba chochote. Kinafanya kazi ya jasi ya Chicago. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wanaovihesabu vidaka vilivyosalia wangehesabu pia ni vingapi vingali ndani.