Ndege katika filamu fupi: Ishara, pambo au mhusika?

KUNA filamu moja ya katuni, ya takriban dakika mbili hivi, ambayo walimu na wanaharakati wa mazingira wanaipenda mno. Imetolewa katika filamu ndefu ya Marekani iitwayo Dirt! The Movie (2009), na msimulizi wake ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Msitu unawaka moto. Wanyama wote wamesimama kando wameduwaa. Ndege mmoja mdogo anakwenda mtoni, anachota tone la maji kwa mdomo wake, anarudi kulimwaga motoni, kisha anakwenda tena. Tembo mwenye mkonga mrefu anatazama tu. Ndege anapokejeliwa kwa udogo wake, anajibu kwamba anafanya kadiri ya uwezo wake.

Ni kazi iliyosukwa barabara. Haina neno la ziada, na sauti ya Profesa ina ule uchangamfu wa bibi anayetamba ngano huku akijua fika kwamba watoto hawatalala kabla ya mwisho. Mafunzo yake yanaafikiana na methali yetu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini hebu tuulize swali ambalo mhakiki hapaswi kulikwepa: huyo ndege ni ndege gani?

Kwa Kiingereza anaitwa hummingbird. Ukoo wake wote huishi katika mabara mawili ya Amerika pekee. Hajawahi kujenga kiota Menengai wala kufyonza ua Subukia. Hadithi yenyewe huhusishwa na Waquechua wa Amerika Kusini. Kwa hiyo filamu ya mazingira inayopendwa sana na Wakenya ina mhusika mkuu ambaye hakuna Mkenya anayeweza kumwona kwa kufungua dirisha.

Sisemi hivyo kumkosoa Profesa Maathai. Alihitaji ishara ya mtu mdogo anayethubutu, akaipata. Hoja yangu ni kwamba ndege huyo ni ishara tu. Ukimwondoa na kumweka nyuki au chura, hadithi haipungukiwi na chochote. Na filamu fupi zinazotengenezwa kuhusu ndege wa Bonde la Ufa zimerithi tabia hiyo. Ndani yake ndege huwa ishara, au huwa pambo, au huwa mhanga. Ni nadra mno awe mhusika.

Tuanze na pambo. Kila aliyetazama video fupi kuhusu Ziwa Nakuru anaijua fomula. Droni inapaa, ziwa linaonekana limezungushiwa ukanda wa waridi, muziki wa vinanda unapanda, kisha msimulizi anatuambia kwa Kiingereza cha upole kwamba hapa kuna ndege zaidi ya milioni moja. Mwisho. Hatuoni jicho la ndege hata mmoja. Hatuambiwi kwamba mdomo wake uliopinda huingizwa majini kichwa kikiwa chini juu, na kwamba ndani yake mna chujio linalonasa spirulina, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyompa hiyo rangi tunayoisifu. Hapo ndege amegeuka kuwa mandhari. Ni kama kusoma riwaya ambayo wahusika wote wametajwa kwa jumla kama "umati".

Kosa hilo lina madhara yake. Tangu mwanzoni mwa mwongo uliopita, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la mbuga, likaingia mitaani Mwariki na Barut, na familia zikahama zikiacha nyumba majini. Maji yalipozidi, magadi yalizimuliwa, spirulina ikapungua, na ndege wale wakaenda kutafuta chakula kwingine, hasa Bogoria. Sasa mkazi wa Nakuru aliyezoea kuambiwa kwamba ziwa lake ni la waridi akitazama akaona maji ya kijivu, atafikia uamuzi gani? Atasema, "Wale ndege waliisha." Na anayeamini kwamba wameisha hana tena sababu ya kuuliza majitaka ya jiji yanaelekea wapi.

Ukweli ni kwamba ndege hawa hawakuwa wa Nakuru peke yake hata siku moja. Huhamahama kati ya Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Magadi na kwingineko, na karibu wote wa Afrika Mashariki huanguliwa katika ziwa moja tu, Natron, upande wa Tanzania. UNESCO ilipoyatambua maziwa yetu kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2011, iliyaorodhesha matatu kwa pamoja: Bogoria, Nakuru na Elmenteita. Filamu ya dakika tano inayoonyesha ziwa moja na kusema "nyumbani kwa flamingo" imekosea mandhari. Kifasihi tungesema ploti yake imekatwa miguu.

Na hapo lugha inaingia. Ndege huyu tumwite nani? Kamusi zinatupa heroe. Magazeti na redio mara nyingi husema korongo, jina ambalo pia ni la ndege wengine wenye miguu mirefu, bila kusahau kwamba korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji. Mtaani watu wanasema flamingo na maisha yanaendelea. Sina ugomvi na neno la mkopo. Ugomvi wangu ni na filamu inayotumia majina yote matatu ndani ya dakika nne, au inayosema "ndege" kuanzia mwanzo hadi mwisho kana kwamba kuku, mwewe na heroe ni kitu kimoja. Mhusika asiye na jina ni vigumu kumlilia.

Chukua mwari, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Jina lake ni lilelile la binti aliye katika unyago. Mtunzi wa filamu angepata utajiri wa kejeli na mzaha katika jina hilo pekee. Lakini maisha ya mwari yanashinda hata jina lake. Kwa miaka mingi mwari weupe wamekuwa wakitaga katika visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, ilhali chakula wanakifuata Nakuru. Yaani nyumba iko huku, jikoni kuko kule. Na samaki wenyewe wanaoliwa hawakuwa wa Nakuru. Ni aina ndogo ya perege iliyoletwa kutoka Magadi katikati ya karne iliyopita ili ile mabuu ya mbu. Binadamu alitaka kupunguza mbu, akajikuta amewaandalia mwari karamu. Ukiwa na kisa kama hicho, kwani unahitaji muziki wa vinanda?

Mhanga naye ana fomula yake. Tunaonyeshwa mzoga, tumbusi waliokufa wakiuzunguka, kisha maandishi meupe katika skrini nyeusi yakituomba tuchukue hatua. Huzuni hiyo ina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 uliolinganisha hesabu za ndege mbua nchini tangu miaka ya 1970 ulionyesha kwamba kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Sumu inayopakwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi ni mojawapo ya sababu kubwa, na nyaya za umeme ni nyingine. Lakini filamu hizi mara nyingi hazituonyeshi mfugaji aliyepaka sumu hiyo. Hatujui ng'ombe wake wangapi waliliwa usiku ule, wala hatusikii Kimaasai chake au Kiswahili chake. Msimulizi anazungumza kumhusu na kamwe hazungumzi naye. Ukiwa mfugaji na filamu hiyo ikuonyeshwe katika ukumbi wa kanisa, utaona kwamba imetengenezewa mtu mwingine aliye mbali, mwenye pochi.

Linganisha na kile ambacho filamu hiyo ingeweza kufanya. Katika magenge ya Hell's Gate, Naivasha, tumbusi wa Rüppell hujenga viota. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na wazazi wote wawili hulilea kinda. Kamera ikikaa na jozi moja ya tumbusi kwa miezi kadhaa, kifo cha mmoja wao hakitahitaji maandishi meupe. Mtazamaji atakuwa ameshahesabu mwenyewe: mzazi mmoja hawezi.

Najua kuna atakayesema kwamba matumizi ya wanyama kama ishara ni utamaduni wetu. Si tuna Sungura na Fisi? Tunao. Lakini msikilizaji wa ngano alimjua sungura shambani na alimsikia fisi usiku. Ishara ilikuwa na mwili. Isitoshe, ishara huweza kuua. Muulize bundi. Katika drama za video za Afrika, za Nollywood na za kwetu, mlio wa bundi ukisikika unajua kuna mtu atakufa kabla ya tukio linalofuata. Imani hiyo haikuanzishwa na filamu, lakini filamu inaipigia mbiu. Katika mashamba ya nyanda za juu bundi bado hupigwa mawe, naye ndiye anayemsaidia mkulima kupambana na panya ghalani. Mtunzi anayeweka mlio ule ili kutisha watazamaji kwa sekunde tatu anapaswa kujua anamchangia nani mawe.

Je, filamu fupi inaweza kumfanya ndege awe mhusika? Inaweza. Piper (2016), katuni ya Pixar ya dakika kama sita hivi, haina neno hata moja. Kinda wa ndege wa pwani anaogopa mawimbi, ana njaa, na mamaye hamtafunii tena. Basi. Mwelekezi Alan Barillaro aliwatazama ndege halisi wakikimbilia maji na kuyakimbia, na kutazama huko kunaonekana katika kila hatua ya vile vijiguu. Ndege wa jinsi hiyo huja hata pwani yetu kila mwaka kutoka kaskazini ya mbali. Filamu haihubiri, na ukiimaliza huwezi tena kuwaona ndege wale kama changarawe zinazotembea.

Wala hatuna haja ya kwenda California kutafuta mfano. Alan na Joan Root waliishi kando ya Ziwa Naivasha kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitengeneza filamu kuhusu mbuyu mmoja. Ndani yake mna hondohondo jike aliyejifungia katika shimo la mti, akaziba mlango hadi ukabaki ufa wa kupitishia mdomo tu, huku dume likimletea chakula. Kina Root walipata njia ya kuipeleka kamera hadi ndani ya kiota. Hapo ndipo uvumilivu unapogeuka kuwa sanaa: hakuna aliyemwambia mtazamaji ahurumie, alionyeshwa ndoa.

Na chozi je, huyu wetu wa mdomo mrefu anayefyonza maua, ambaye angeweza kumwakilisha yule mgeni wa Amerika? Mwaka wa 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu katika eneo la Naivasha. Waligundua kwamba shamba analolilinda chozi linaweza kuwa dogo au kubwa, lakini idadi ya maua ndani yake hukaribiana: takriban maua 1,600, yanayomtosha kwa siku. Zaidi ya hapo, kulinda kunamgharimu nguvu kuliko anachovuna. Ndege mwenye uzito wa sarafu chache anapiga hesabu ya kutosheka! Hiyo ni filamu ya dakika tatu, imelala kwenye vichaka vya Naivasha, inangoja mwenye simu na subira.

Nasema haya kwa sababu filamu fupi si mali ya watalii tena. Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, ambazo mwaka wa 2025 fainali zake ziliandaliwa papa hapa Nakuru, zina vitengo vya filamu za shule na vyuo. Mazingira ni mada inayorudi kila mara, na ndege hutajwa. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi angefanya vyema kuwatoa darasani kabla ya kuwapa kalamu. Wachague ndege mmoja, wamtazame juma zima, waandike anakula nini, anagombana na nani, analala wapi. Wamuulize mzee wa mtaa jina lake kwa Kikalenjin, Kikikuyu au Kimaasai, kisha walitafute la Kiswahili. Likikosekana, walipendekeze. Baada ya hapo ndipo waandike mswada.

Majaji nao wana kazi. Katika kutathmini mhusika, waulize kama ndege wa filamu hii angeweza kuondolewa na kuwekwa mnyama mwingine bila hadithi kutetereka. Ikiwa jibu ni ndiyo, alama zipunguzwe. Na filamu ikizungumzia mkulima, mvuvi au mfugaji, majaji watege sikio wasikie kama mtu huyo amepewa hata sentensi moja ya kujitetea kwa lugha yake mwenyewe.