Eboga si Kileo: Juu ya Kitabu cha Fernandez

Kitabu cha James Fernandez juu ya dini ya Bwiti, kilichochapishwa mwaka 1982, kina sifa moja kubwa: hakiutengi mzizi wa eboga na ibada yake. Miongoni mwa Wafang wa Gabon, ganda la mzizi huo huliwa kidogo ili mtu aweze kukesha akicheza. Huliwa kwa wingi mwari anapoingizwa katika dini, apate kuonana na wahenga wake, huku kinubi kiitwacho ngombi kikimwongoza. Kuuita mzizi huo kileo, kama wafanyavyo wengi, ni kuifuta safari hiyo yote. Hata hivyo, Fernandez anapoieleza safari kwa nadharia ya sitiari, msomaji husahau upesi kwamba kwa muumini wafu hao ni watu halisi, si mifano.