Kiraka Kinachojua Kinakoishia

Siku niliyoanguka mbele ya wakwe nilikuwa nimevaa suruali mpya ya kitambaa na nimefunga jogoo kwenye keria. Njia ya kutoka barabara ya Kenyamonta kwenda kwao inashuka kidogo, inapinda penye ua wa minyaa, na hapo ndipo nyumba zinapoonekana. Nilikuwa nimepanga kushuka pale kwenye minyaa, nijipanguse vumbi, niingie nikikokota baiskeli kama mtu mwenye adabu zake. Cheni nayo ilikuwa na mipango yake. Pindo la mguu wa kulia likanaswa, likavutwa, likasokotwa kwenye meno ya gia, na mimi nikiwa sina mguu wa kutua nikalala ubavu taratibu, kama gunia lisiloegemezwa vizuri. Jogoo alipiga kelele kunishinda. Mama mkwe, kwa heshima ya huku ambako mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo, aligeuzia uso ukutani. Mpaka leo sijui aliona kiasi gani, na heshima ileile haimruhusu kuniambia.

Wiki mbili kabla ya hapo cheni ilikuwa imekatika nikitoka Mugumu. Kijana mmoja kando ya njia akaiunga kwa kipande cha msumari, akaugongelea pande zote mbili juu ya jiwe. Aliunga barabara; sikuwahi kuisikia cheni ikiruka. Ila kichwa cha msumari alikiacha upande wa nje, kimetokeza kama chunusi, na ndicho kilichoikamata suruali yangu. Tangu hapo nimeacha kuuliza kama kiungo kimeshika. Karibu kila kitu hushika kwa siku mbili. Naangalia mengine, na mwongozo huu ni wa hayo mengine: namna ya kuitambua kazi nzuri ya kuunga unga mwana, ile inayofanyika bila kipuri, bila duka, mara nyingi bila hela, kwenye baiskeli ambayo mtu wa mjini angeshaipeleka kwenye chuma chakavu.

Baiskeli yenyewe inastahili sifa kidogo kwanza. Zile nyeusi nzito zinazobeba mahindi na mkaa huku kwetu, ziwe Phoenix za Shanghai au Hero na Avon za Ludhiana kule India, zote ni wajukuu wa baiskeli ya Kiingereza ya aina ya Raleigh iliyotoka Nottingham: magurudumu ya inchi 28 kwa moja na nusu, breki za vyuma badala ya waya, cheni yenye pingili za nusu inchi. Wakenya huiita Black Mamba. Kwa kuwa umbo lake halijabadilika sana, kifaa cha hii mara nyingi hukubali kwenye ile, na fundi mwenye kopo moja la nati kuukuu na gololi ana ghala zima. Watu husema baiskeli hizi hazifi. Zinakufa, ila maiti ya moja huzihuisha tatu.

Anza na pancha, maana ndiyo kazi utakayoishuhudia mara nyingi na ndiyo yenye uongo mwingi. Katika njia zetu adui ni mbigili, kile kimea kitambaacho chenye maua ya njano, ambacho mbegu yake ianguke vyovyote huacha mwiba mmoja ukitazama juu. Wa pili ni mgunga: matawi hukatwa kwa ajili ya zizi, miiba hubaki vumbini miezi kadhaa ikisubiri. Fundi akishachomoa tyubu, mtazame mikono. Aliye mzuri huiweka tyubu chini kwanza, akapitisha vidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, akiitafuta ncha. Fundi uchwara huziba tundu, akairudisha tyubu juu ya mwiba uleule, na wewe kesho ukailaumu gundi.

Kisha karai la maji. Viputo vikitoka mahali pamoja, wengi hufurahi, wakafuta na kuanza kukwaruza. Ninayemwamini mimi huendelea kuizungusha tyubu mpaka mwisho, hasa akishasikia kwamba ulikuwa na gunia nyuma na upepo ulikuwa mdogo. Tairi legevu likigonga jiwe huibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili, matundu mawili jirani kama alama za meno ya nyoka. Asiyekuuliza ulibeba nini ataziba moja.

Msasa ukikosekana, kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari kinakwaruza vilevile, wala sikidharau. Kinachoniudhi ni haraka ya solusheni. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa, na kile kinachouyeyusha lazima kipae hewani ndipo mpira ushikane na mpira. Kwa hiyo fundi apake nyembamba, aweke kando, akuulize habari za mnada, aguse kwa kidole, aache tena. Akibandika wakati bado inang'aa kwa ubichi, kiraka kinakaa juu ya utelezi na kitahama siku ya kwanza ya jua kali. Tazama na umbo lake: kiraka chema hukatwa mviringo, kwa kuwa pembe ndiyo huanza kubanduka. Akimaliza atapaka vumbi la chaki au majivu ili kisigande kwenye tairi, atajaza upepo, halafu atatema mate kidogo juu ya valvu kuona kama inavuja. Usione kinyaa. Mate yale ndiyo risiti yako.

(Wapo wanaoziba kwa moto: pistoni kuukuu ya injini inabanwa juu ya kipande cha mpira mbichi, petroli kidogo ndani, kiberiti. Ni ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839, mpira na salfa vikapikwa pamoja, umefika mpaka kando ya barabara zetu. Kwa tyubu ya lori ni kazi ya kupendeza. Kwa tyubu nyembamba ya baiskeli ni kumchinja kifaranga kwa shoka.)

Sasa chukua hali ya kweli: uko katikati ya Kenyamonta na Majimoto, jua la saa nane, solusheni hakuna. Hapo ndipo tyubu hukunjwa penye tundu na kufungwa kwa utepe wa mpira, ule tunaofungia mizigo. Fundo likikazwa vizuri linazuia upepo kwa saa kadhaa. Ubora wake unaupima kwa makalio. Tyubu imekuwa fupi, kwa hiyo penye fundo gurudumu lina kishimo na nundu, na kwa gurudumu la inchi 28 utahesabu vipigo 450 hivi kwa kila kilomita. Fundo jema hupiga kidogo na kwa mapigo yaleyale mwanzo hadi mwisho. Mapigo yakianza kuongezeka ukubwa, tyubu inasogea. Shuka kabla haijajiviringisha kwenye valvu na kuing'oa. Aliyefunga fundo karibu kabisa na valvu hakuwa amewaza.

Kujaza majani ndani ya tairi nimekufanya mara moja. Yanapaswa kushindiliwa mpaka kidole kisiingie, na gurudumu la mbele linavumilia zaidi kwa kuwa uzito mwingi uko nyuma. Nilifika. Nilipita senta nikiacha nyuma mstari wa nyasi zilizosagika, na mbuzi wawili wakanifuata hadi nyumbani.

Turudi kwenye cheni. Msumari si kosa. Ni chuma kama chuma kingine, ingawa ni laini kuliko pini ya asili na utaliwa mapema. Kinachotofautisha ni tupa. Baada ya kugongelea, fundi akate vichwa, asugue pande zote mbili mpaka ziwe sawa na bamba la cheni, kisha akunje ile pingili kwa vidole viwili huku na huku kuona kama inacheza. Pingili ngumu hupanda juu ya jino badala ya kukaa, na hapo ndipo pedali hukukwepa ghafla unapopanda mlima umesimama, ukajikuta umelikalia lile bomba la juu kwa namna ambayo wanaume hawaisimulii. Zungusha pedali kinyumenyume, polepole, sikio chini. Ukisikia "tak" mara moja kila cheni inapomaliza mzunguko, mrudishie.

Kwenye krenki ndiko fundi hujianika zaidi. Kotapini, ile inayofunga krenki kwenye ekseli yake, ina upande mmoja uliochongwa bapa, na pini mbili lazima ziingie zikielekeana kinyume, moja kutoka huku, moja kutoka kule. Akizikosea, pedali hazikai kwenye mstari mmoja. Mguu mmoja unafika chini kabla mwenzake hajafika juu, nawe unaendesha kama mtu aliyekanyaga mwiba. Simama kando utazame: krenki zote mbili ziwe fimbo moja iliyonyooka. Pini ikiwa imelika na mpya haipo, utepe mwembamba wa kopo la soda ukizungushwa kwayo huondoa mchezo kwa muda. Ni kazi ya heshima kabisa, mradi bati limezunguka mara moja na ncha yake inaonekana, ili fundi wa kesho ajue kuna nini humo. Bati lililofichwa kwa grisi nyingi ni mtego aliotegewa mwenzake.

Na mtihani mdogo ambao hauhitaji kuuliza chochote: mwombe afungue pedali ya kushoto. Hesi zake zimekatwa kinyume, hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nyingine zote hukazwa. Fundi halisi mkono wake unageuka wenyewe. Akianza kuikaza huku akidhani anaifungua, akaongeza bomba kwenye spana apate nguvu, chukua baiskeli yako uondoke ukikokota. Aibu ya kukokota ni ndogo.

Siti sina la kusema. Ikikatika springi, funga gunia.

Breki ndiyo sehemu ambayo ninakuwa mkali. Kipande cha kandambili kilichokatwa vizuri na kupachikwa mahali pa mpira wa breki hufanya kazi, hasa ile ya soli ngumu ya tairi la gari, katambuga. Kule Goma, chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloshuka mlima na viazi, hutegemea mpira unaokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma, na watu hupata riziki kwa hilo. Angalia neno "nyuma". Huku kwetu kuna vijana wanaobana tairi la mbele kwa kidole gumba cha mguu, chini ya uma. Mguu ukivutwa mle, baiskeli inasimama, mwendeshaji hasimami nayo. Niliona mmoja akipita juu ya usukani na ndoo ya maziwa, akatua katikati ya ng'ombe wa watu. Kwa hiyo breki ya kuunga unga isifiwe tu ikiwa ya nyuma inafanya kazi yake kwa ukamilifu, na ipimwe baada ya kuilowesha maji, maana kandambili kavu na kandambili ya masika ni vitu viwili.

Uma ukivunjika ni habari nyingine. Mwaka 1913, kwenye mashindano ya Tour de France, uma wa Mfaransa Eugène Christophe ulivunjika akishuka mlima wa Tourmalet. Akabeba baiskeli begani kilomita zisizopungua 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua mwenyewe kwa saa kadhaa, kwa kuwa kanuni zilikataza msaada. Mtoto mmoja alimvutia mivukuto, na kwa hilo waamuzi wakamwongezea adhabu ya muda. Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya adhabu. Mimi napenda kwamba uma uliofuliwa kwenye karakana ya kijiji ulimfikisha.

Huku uma huchomelewa kwa umeme, na bomba lake ni jembamba, huungua upesi. Weldi nzuri ina magamba yaliyopangana kama ya samaki. Mbaya ni matone ya mshumaa. Hata nzuri siikubali bila kipande cha nondo kilicholazwa ubavuni kuisaidia. Na nikikuta imeshapakwa rangi kabla sijafika, naikwangua kwa ufunguo mbele ya mwenye kazi. Hukasirika. Ila hakuna aliyeficha weldi nzuri chini ya rangi ya haraka.

Mzee ninayempelekea yangu siku hizi hukaa chini ya mti, karibu na wale wa pikipiki ambao ndio wenye wateja. Kazi ya muda hukutoza nusu, na hukupa mpaka wake kwa majina ya mahali. "Mwalimu, hii inafika Majimoto. Kurudi utakokota." Mara nyingi nimekokota kuanzia karibu na pale alipotaja, na sijawahi kumdai. Msumari wa aibu yangu aliukata kichwa kwa tupa siku ileile ya wakwe, bila kucheka sana, akasema utanifikisha sokoni nikanunue cheni. Masika mbili zimepita. Kila nikipita pale huniita, "Bado?" Nami huchomeka suruali ndani ya soksi kabla ya kumjibu.