Urefu kama Fani: Filamu Ndefu za Hollywood Mbele ya Mtazamaji wa Leo

Mtazamaji wa leo akutanapo kwa mara ya kwanza na filamu kuu za zamani za Hollywood, lalamiko lake la kwanza huwa ni kwamba filamu hizo ni ndefu mno. Haifai mhakiki alipuuze lalamiko hili, kwani limebeba swali la kinadharia: je, urefu wa kazi ya sanaa ni kipimo cha nje tu, mfano wa uzito wa kitabu mkononi, au ni sehemu ya fani yenyewe? Makala haya yanashikilia kwamba urefu ni fani. Aidha, yanashikilia kwamba tukishalikubali hilo, urefu huo huo unageuka kuwa shahidi dhidi ya filamu hizo. Maana aliyepewa takriban saa nne za kusema hawezi kujitetea kwamba alikosa nafasi ya kuwasemea wale aliowanyamazisha.

Tutatumia filamu tatu. Ya kwanza ni Gone with the Wind (1939), iliyotayarishwa na David O. Selznick na kuongozwa, kwa sehemu kubwa, na Victor Fleming. Pamoja na muziki wake wa utangulizi na wa mapumziko inakaribia saa nne. Ya pili ni Ben-Hur (1959) ya William Wyler, yenye saa tatu na nusu. Ya tatu ni Lawrence of Arabia (1962) ya David Lean, nayo inakaribia saa nne. Lean alikuwa Mwingereza, lakini filamu yake ilitolewa na kampuni ya Columbia ya Hollywood, na umbo lake ni lile lile tunalolichunguza hapa.

Urefu huu haukuzuka wenyewe. Katika miaka ya 1950 televisheni ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba za Wamarekani wengi, na kampuni za filamu zikawa zinapoteza watazamaji. Jibu lao lilikuwa kutoa kile ambacho kisanduku cha sebuleni hakingeweza kukitoa: picha pana, rangi, muziki wa okestra kubwa, na masimulizi ya kujaza jioni nzima. Filamu ya namna hiyo ilianza kuonyeshwa katika majumba machache ya miji mikubwa, tiketi zikiwa na nambari za viti na bei ya juu kuliko kawaida. Muziki ulipigwa kabla ya picha kuanza, na katikati palikuwa na mapumziko. Mtindo wenyewe ulikuwapo tangu zamani. Gone with the Wind nayo ilitolewa hivyo hivyo. Ni dhahiri basi kwamba urefu ulikuwa pia bidhaa. Hata hivyo, kujua kwamba umbo fulani lilizaliwa sokoni hakutuambii umbo hilo linafanya kazi gani likishazaliwa. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki.

Msomi wa tendi za Kiswahili hana sababu ya kulistaajabia umbo hili. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728 na Bwana Mwengo, una beti zaidi ya elfu moja. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una beti zaidi ya elfu nne. Hakuna mhakiki wa tendi aliyepata kudai kwamba dibaji ya utenzi ni kupoteza wakati. Tunafahamu kwamba dibaji humwondoa msikilizaji katika shughuli zake na kumtia katika mwendo wa kisa, ili habari ya vita itakapoanza imkute amekwisha kutulia. Muziki unaotangulia Lawrence of Arabia, ukipigwa skrini ikiwa nyeusi tupu, hufanya kazi hiyo hiyo. Anayeuruka kwa kuwa hauna picha ni sawa na anayeanza utenzi kwenye ubeti wa hamsini.

Ulinganisho huu, hata hivyo, una mpaka wake. Msomaji wa utenzi huwa na uhuru juu ya mwendo: aweza kukaza sauti, kutua, au kurudia ubeti uliompendeza. Katika jumba la sinema mwendo ulikuwa mikononi mwa mwongozaji peke yake, na mapumziko yalikuwa pale alipoyaweka yeye. Mtazamaji wa leo, aliye na filamu nzima ndani ya simu yake ya mkononi, amejitwalia uhuru ule wa msomaji. Hukatiza apendapo, huruka apendapo, na pengine huikamilisha filamu kwa siku tatu. Hatumlaumu kwa hilo. Tunalouliza ni kitu gani kinachopotea.

Jibu tulitafute katika matini zenyewe. Katika Lawrence of Arabia msafara unavuka jangwa la Nefud, na alfajiri inagunduliwa kwamba mtu mmoja, Gasim, ameanguka kutoka kwenye ngamia wake na kubaki nyuma. Wenzake wanasema imeandikwa afe. Lawrence anakataa, anarudi peke yake, naye mwongozaji anatulazimisha kuingojea safari hiyo: jua linapanda, mtu anatembea mpaka anaanguka, kijana anangoja juu ya ngamia akikodolea macho upeo mtupu. Baadaye, usiku wa kuamkia shambulio la Aqaba, mtu mmoja anamuua mtu wa kabila jingine, na jeshi linataka kusambaratika kwa kisasi. Lawrence, kwa kuwa hana kabila katika ugomvi ule, anajitolea kumuua mkosaji kwa mkono wake mwenyewe. Mkosaji anapoinua uso, tunamwona kuwa ni Gasim. Uzito wa risasi zile hautoki katika tukio lenyewe, ambalo ni fupi. Unatoka katika dakika zile ndefu za jangwani. Aliyeruka jangwa ataelewa kilichotokea, lakini hatakihisi. Taarifa ataipata, ila sanaa itakuwa imempita.

Vivyo hivyo katika Ben-Hur. Mapema katika filamu, Judah Ben-Hur anaburutwa katika mnyororo wa watumwa mpaka Nazareti, ananyimwa maji na askari wa Kirumi, na mtu tusiyeonyeshwa uso wake anamnywesha. Karibu na mwisho wa filamu Judah anajaribu kumpelekea maji mtu huyo huyo akielekea kusulubiwa. Kati ya bakuli la kwanza na la pili kuna masafa ya zaidi ya saa mbili, na masafa hayo ndiyo yanayompa mtazamaji hisia ya deni lililokaa miaka. Tena, wengi wa leo huifahamu filamu hii kwa mbio zake za magari ya farasi tu, ambazo huchukua dakika tisa hivi. Aonaye mbio hizo pekee atadhani kwamba dhamira ni kisasi na kwamba kisasi kimefaulu. Lakini Messala, akiwa mahututi, anamwambia Judah kwamba mama yake na dada yake wako hai katika bonde la wakoma. Ushindi unageuka uchungu, na sehemu iliyosalia, ambayo wengi huiona kuwa mkia usio na haja, ndiyo inayobeba dhamira yenyewe: kwamba kisasi hakikumponya mtu.

Huenda ikadaiwa kwamba vijana wa leo hawana tena subira. Dai hili si la kweli. Vijana hao hao hukesha wakitazama tamthilia za mfululizo, sehemu baada ya sehemu, kwa muda unaozidi ule wa filamu yoyote kati ya hizi tatu. Kinachotofautiana ni namna ya kuugawa wakati. Tamthilia ya mfululizo humlipa mtazamaji kila baada ya muda mfupi kwa taharuki mpya. Filamu ndefu hukopa saa nzima na kulipa mara moja. Ni suala la mazoea ya kifani, na mazoea hufundishika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye upande wa pili wa hoja yetu. Ikiwa urefu ni fani, basi kila dakika ni uteuzi, na mhakiki ana haki ya kuuliza dakika hizo wamepewa akina nani. Katika Gone with the Wind, Scarlett O'Hara anamtafuta daktari katika kituo cha reli cha Atlanta. Kamera inajivuta nyuma na kupanda juu polepole, mpaka majeruhi walioenea ardhini wanakuwa mamia, na mbele yao inapepea bendera iliyochanika ya majimbo ya Kusini. Ni picha yenye ustadi mkubwa. Lakini katika takriban saa nne za kisa kinachohusu nchi iliyojengwa juu ya utumwa, machungu ya watumwa hayapewi hata picha moja ya upana huo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mammy, aliyeigizwa na Hattie McDaniel. Yumo katika filamu tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, naye ndiye anayeuona unafiki wa Scarlett kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata hivyo hana jina. Ana cheo tu cha kazi yake. Hatuambiwi kama ana mtoto, wala alizaliwa wapi, wala uhuru ulipokuja ulimaanisha nini kwake. Onyesho lake lenye nguvu kuliko yote ni lile la kupanda ngazi pamoja na Melanie, akisimulia kwa machozi kifo cha mtoto Bonnie na jinsi Rhett alivyorukwa na akili kwa huzuni. Mwigizaji anafikia kilele cha sanaa yake akiomboleza msiba wa mabwana. Msiba wake mwenyewe haumo katika matini. Filamu fupi ingeweza kusingizia ufinyu wa nafasi. Filamu hii haina udhuru huo.

Historia ya nje ya matini inathibitisha mantiki hiyo hiyo. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mnamo Desemba 1939, McDaniel hakuhudhuria, kwa sababu ya ubaguzi uliotawala jimbo la Georgia. Mnamo Februari 1940 alipata tuzo ya Oscar, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huo aliketi kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Filamu nyingine mbili nazo zina mapengo yao. Katika Lawrence of Arabia hakuna mwanamke anayepewa usemi, na Faisal anaigizwa na Mwingereza, Alec Guinness. Katika Ben-Hur, Shehe Ilderim ni Hugh Griffith wa Wales aliyepakwa rangi ya hudhurungi, naye akatuzwa Oscar kwa uigizaji huo.

Tufanyeje basi? Mnamo Juni 2020 Gone with the Wind iliondolewa kwa muda katika huduma ya HBO Max huko Marekani, kisha ikarudishwa ikiwa nzima, ikitanguliwa na maelezo ya mtaalamu wa filamu Jacqueline Stewart. Kwa maoni yetu uamuzi wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Kuificha kazi ni kuinyang'anya fursa ya kushtakiwa. Kuikata vipande ni kubaya zaidi, nako ni kosa linalotendeka hata madarasani. Mwanafunzi akionyeshwa kituo cha reli peke yake, atausifu ustadi bila kuijua gharama yake. Akionyeshwa pekee Scarlett akimpiga kofi Prissy, atalaani bila kuelewa kwa nini mamilioni waliipenda filamu hii. Mwanafunzi wa kwanza hajahakiki, wala wa pili hajahakiki.

Hoja ya kuzitazama filamu hizi kwa ukamilifu wake haitokani basi na heshima kwa vitu vya kale. Inatokana na kanuni ya kawaida ya uhakiki, kwamba hukumu haitangulii ushahidi. Saa nne ni nyingi, lakini ndizo zinazotuonyesha Gasim akiokolewa na Gasim akiuawa, na ndizo zinazotuonyesha Mammy akiwa katika chumba kile kile kwa miaka mingi bila mtu yeyote kumwuliza habari zake. Lililo la kwanza ni la kusifiwa na la pili ni la kulaumiwa. Mwenye kuruka hatayaona yote mawili, na hivyo hatakuwa na haki ya kusifu wala ya kulaumu.